Jiwe Dume, Jiwe Jike: Siku Tano kwa Wachonga Mawe wa Mamallapuram

Jumatatu, 12 Februari 2024

Dada kanifukuza, wala hatukugombana. Hospitali tuliyopo hapa Chennai, India, inaruhusu mtu mmoja tu kukaa na mgonjwa, na mgonjwa wetu ni mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa, aliyefanyiwa upasuaji wa moyo Alhamisi iliyopita. Anaendelea vizuri, kiasi cha kudai chipsi mayai. Mimi nilikuwa nashinda kwenye benchi la chini tangu asubuhi, na kila saa napanda kuuliza kama kuna kinachotakiwa. Leo dada kanitazama, akasema, "Kaka, nenda popote. Daktari mwenyewe hanitii wasiwasi kama wewe."

Mwenye nyumba ya wageni tunayolala, tangu alipojua kuwa kazi yangu ni nakshi za milango, alikwishanitajia mji mmoja mara tatu: Mamallapuram, ambao wengine huuita Mahabalipuram, karibu kilomita 60 kusini mwa Chennai kwa njia ya pwani. Huko, alisema, watu walianza kuchonga mawe enzi za wafalme na hawajaacha. Mimi nimechonga mti miaka 26 pale Mji Mkongwe, Zanzibar. Msaji, mninga, mfenesi, yote imepita mkononi mwangu. Jiwe sijapata kulitia patasi. Nikafunga begi.

"Usije ukarudi na sanamu," dada aliniambia mlangoni. Kisha akafikiri kidogo. "Lakini ukiona jiwe la kusagia niletee. La mama si lilipasuka?"

Basi lilijaa, nikasimama nusu ya njia. Bahari ilikuwa mkono wa kushoto, na minazi, na mivinje, na wauza madafu kando ya barabara. Kama si maandishi ya Kitamil kwenye mabango ningeapa naelekea Makunduchi. Nilishuka jua linatua. Kabla sijaona jiwe lolote nilisikia: tk, tk, tk, kutoka kila upande, na juu yake ule ukelele wa grainda, kama unaotoka kwa mafundi alumini wetu kuanzia asubuhi. Nikajua nimefika kwa wenzangu, na kwamba shetani wetu ni mmoja.

Chakula cha usiku kilikuwa vitumbua. Wenyewe wanaviita paniyaram na wanavipika kwa chuma chenye vishimo sawasawa na chetu, ila hivi nilivyokula vilikuwa vya chumvi, vina vitunguu na pilipili mbichi. Mama mpishi alicheka nilipomwonesha kwa mikono jinsi ya kuvigeuza.

Jumanne, 13 Februari

Tiketi ya magofu ni rupia 600 kwa mgeni na 40 kwa mwenyeji. Sikulalamika. Hata kwetu mgeni halipi sawa na mwenyeji.

Mji huu umepewa jina la mfalme. Narasimhavarman wa kwanza, wa ukoo wa Pallava, aliyetawala katikati ya karne ya 7, alikuwa na lakabu ya Mamalla, yaani bingwa wa mieleka. Yeye na waliomfuata ndio walioligeuza hili jabali la pwani kuwa karakana, na tangu 1984 mahali hapa pamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kama Mji Mkongwe wetu. Hayo yameandikwa getini. Ambayo hayakuandikwa nilikaa nayo saa nne juani.

Nilianza na yale yanayoitwa Magari Matano. Si magari, ni mahekalu yaliyochongwa kwa sura ya magari ya miungu, nayo yamepewa majina ya mashujaa wa utenzi mkongwe wa India, Mahabharata. Hakuna tofali wala chokaa. Palikuwa na majabali yamejilaza mchangani, mafundi wakayapunguza mpaka yakabaki mahekalu matano, pamoja na tembo mmoja wa kimo chake halisi, simba, na fahali. Yote ni jabali la pale pale, na miguu yake bado imeota ardhini.

Dogo kuliko yote ni la Draupadi. Nilipolifikia nilisimama nikacheka peke yangu. Ni banda la makuti! Paa limeinama pembe nne vilevile kama banda la mvuvi, na kwenye kona mchongaji kaweka nakshi pale ambapo mwezekaji angefunga kamba. Kumbe watu hawa walikuwa mafundi wa miti na makuti kwanza, na walipopewa jabali walilichonga kwa kumbukumbu za mti. Kwenye paa la lingine nikaona vichwa vya boriti, boriti ambazo hazibebi kitu, za mapambo tu, kwa sababu jicho la fundi lilizoea kuziona pale. Nilitamani kumwonesha mtu. Pembeni yangu palikuwa na wanafunzi wa shule wanapiga picha, nikawaacha.

Halafu nikaona jambo ambalo nadhani fundi ndiye hulitafuta. Kazi haikumalizika. Lile refu la Bhima lina paa safi, limekamilika mpaka vinyago vidogo vya juu, lakini ukishuka kwa macho kazi inazidi kuwa mbichi, na chini kabisa jiwe limeachwa linakwaruza. Walianza paani. Sikuhitaji mtu anieleze sababu: jabali ambalo halijachongwa ndilo lililokuwa jukwaa lao la kusimamia, na makapi yanaangukia pale ambapo bado hapajaguswa. Ukianza chini utavunja kazi yako kwa vifusi vyako mwenyewe.

Kwenye pango moja kilimani nikakuta ukuta ulioachwa katikati ya kazi, na hapo ndipo saa mbili zangu zilipopotelea. Wamechora miraba, wakachimba mifereji kuizunguka, kisha wakavunja kipande cha katikati kwa pigo la ubavuni. Mraba mmoja umevunjwa, wa pili umechimbwa mfereji tu, wa tatu una mistari. Unamwona fundi akiweka vyombo chini. Na mimi hivyo hivyo ndivyo ninavyoshusha ardhi ya nakshi kwenye ubao wa msaji! Sikufundishwa na Mhindi, nilifundishwa na marehemu baba, naye alifundishwa na mjomba wake.

Jambo lingine lilinisumbua mpaka adhuhuri. Na sisi tulichonga mawe. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, yamechongwa kwenye tumbawe, na ni kazi ya kutoa machozi. Lakini tumbawe likitoka baharini ni laini, unalichonga bado lina maji, kisha linakauka na kuwa gumu. Jabali la hapa halina wakati wa ulaini. Ni gumu siku zote. Wazee waliopasua hili walitoboa mashimo kwa mstari, wakachomeka kabari za mti na kuzimwagia maji ili zivimbe. Mistari ya mashimo hayo bado ipo kwenye majabali mengi, mingine imeishia njiani.

Mchana nilikwenda kwenye ule ukuta mkubwa wa picha unaosemwa kuwa unaonesha mto Ganga ukishuka duniani. Wengine wanasema ni toba ya shujaa Arjuna, na mabishano hayo hayajaisha. Ni majabali mawili yenye ufa katikati, na ndani ya ufa wamechonga nyoka-watu, yaani ufa wenyewe ndio mto. Kuna tembo, miungu, watawa, zaidi ya sura mia. Aliyenikaa moyoni ni paka. Amesimama kwa miguu miwili, mikono juu kama mtawa anayefanya toba, mbavu nje kwa mfungo, na miguuni pake panya wamemzunguka kwa imani. Miaka 1,300 wanamwamini. Sisi tunasema paka akiondoka panya hutawala. Mchongaji huyu alimjua paka mbaya zaidi, yule asiyeondoka.

Lile jiwe la duara kwenye mteremko, ambalo wote hupiga picha wakijifanya wanalizuia lisiporomoke, nimeliona. Ni kubwa. Mbuzi wamelala kivulini mwake.

Jumatano, 14 Februari

Leo nimeingia karakana.

Nilichagua kwa masikio. Barabara kuu ina maduka mengi yenye sanamu zilizopangwa mpaka njiani, mungu Ganesha wa kila kimo, Buddha wa bustani za hoteli, na nyuma ya mengi kuna grainda. Nikatembea mpaka nikasikia patasi tupu. Ni banda la mabati na makuti ya mnazi, wazi upande wa barabara. Nikasimama bila kusema neno, kama anavyosimama kijana anayetafuta ufundi. Mzee mmoja, shuka kiunoni, miwani imefungwa kwa uzi, akaniangalia mikono kabla ya uso. Nikamwonesha sugu. Akaita mtoto wa kaka yake, anayejua Kiingereza kuliko mimi, na chai ikaja kwenye bilauri za bati.

Vijana pale humwita mzee *ayya*, kwa heshima. Mimi wakaniita *anna*, kaka mkubwa. Mzee peke yake aliniita *thambi*, mdogo wangu, na ninakiri nilifurahi. Ni miaka mingi sijaitwa mdogo kazini.

Mchongaji wa mawe kwa Kitamil ni *sirpi*, na bwana wa kazi, anayejua vipimo vya hekalu zima na vitabu vya kale vya ufundi, ni *sthapati*. Kijana wangu amesoma chuo cha serikali cha ujenzi na uchongaji kilichopo hapa hapa mjini tangu 1957. Aliniambia habari za V. Ganapati Sthapati, aliyekuwa mkuu wa chuo hicho na akafariki 2011. Ndiye aliyechora sanamu ya mshairi Thiruvalluvar kule Kanyakumari, ncha ya kusini ya India, yenye futi 133, iliyozinduliwa siku ya kwanza ya mwaka 2000. Mzee yeye hakusoma chuo. Alisomea hapa alipokaa.

Nikauliza wanachaguaje jiwe. Badala ya kujibu, mzee aliokota nyundo akagonga bonge moja lililolala nje. Likalia kama kengele, na mlio ukakaa hewani. "Dume," kijana akatafsiri. Akagonga la pili. Lililia pia, lakini kwa sauti nyembamba, kama matuazi ya dufu. "Jike." La tatu likatoa mlio mfu, kama kugonga gunia la unga. Kijana akatafuta neno, nikampa la kwetu: huntha. Jiwe dume huchongwa miungu wa kiume, jike huchongwa miungu wa kike na kiti ambacho sanamu hukalia, na lisilo dume wala jike huenda kwenye sakafu na msingi. Ndivyo vitabu vyao vinavyoamuru. Lakini mzee aligonga tena lile la kwanza, sehemu nne tofauti, ameinamisha kichwa, na hapo nikaelewa sababu ya fundi, mbali na ya kitabu. Anatafuta ufa. Jiwe lenye ufa ndani halilii, na kwa kazi ya miezi mingi heri ulijue leo.

Nilimkumbuka daktari wa mpwa wangu, anavyoweka kile chombo kifuani na kusema shh.

Mimi ubao ukipasuka natia kiraka. Nikikosea jani la nakshi nalifanya ua, na mwenye mlango hatajua. Hapa pua ikivunjika, basi. Sanamu yenye kasoro haiabudiwi, haingii hekaluni. Nilimuuliza mzee mara ngapi imemtokea. Akainua vidole viwili, kisha akatazama pembeni kama aliyetajiwa msiba.

Vipimo navyo. Nilikuja na dhana kwamba mchonga sanamu ni mtu huru, anatoa anachokiona kichwani. Huru wapi! Kipimo kikuu ni uso, *tala*, na kila tala ina sehemu 12. Miungu wakubwa, Vishnu na Shiva, huwa na nyuso kumi na sehemu nne za ziada, jumla 124, kuanzia kichwa mpaka kisigino. Miungu wa kike ni 120. Ganesha, yule mwenye kichwa cha tembo na kitambi, ni nyuso tano tu, ndiyo maana anaonekana kama mtoto aliyeshiba. Uso wenyewe unagawanywa mara tatu sawasawa: nywele mpaka macho, macho mpaka ncha ya pua, pua mpaka kidevu. Mzee alichana ukuti wa mnazi uliokuwa juu ya paa, akaukata kwa urefu wa sanamu, akaukunja na kuukunja tena, akanionesha kwamba mikunjo ndiyo rula. Futi ya chuma wanayo, imetundikwa msumarini. Ila ukuti haudanganyi, maana unatoka kwenye jiwe lile lile unalolichonga, na ukibadili urefu wa jiwe nyuso zote hubadilika pamoja.

Kisha mistari. Jiwe likishachongwa mraba, uso wake husawazishwa, unapigwa mstari mmoja wa katikati, wima, na kila kitu hupimwa kutoka hapo. Wanachora kwa udongo mwekundu uliolowekwa. Mistari inafutika kwa kazi, inachorwa upya, inafutika, inachorwa. Kijana aliyekuwa akichonga mkono wa Lakshmi, mungu wa kike, aliuchora mara tano mbele yangu kabla ya chakula.

Kwenye kona kuna tanuri la mkaa na mhunzi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote na kazi yangu. Mimi patasi naitia kinoo asubuhi, inanitosha mpaka alasiri kama msaji si mkavu sana. Hapa kuna mtoto wa kazi anayezunguka na kopo la patasi butu, anapeleka kwa mhunzi, anarudi na kopo la zilizochongoka. Patasi inapashwa, inafuliwa ncha, inatoswa majini, na kabla hujamaliza kikombe cha chai imekwisha tena. Zipo siku hizi za ncha ngumu za dukani, zinadumu zaidi, lakini kwa kumalizia mzee anataka zake.

Adhuhuri niliomba pembe ya kusali. Walinifagilia nyuma ya banda, wakasogeza Ganesha mmoja ambaye hajamalizwa ili asiwe mbele yangu, bila ya mimi kuwaomba.

Baada ya chakula kijana akatoa simu. Tarehe 10 mwezi huu, mchongaji Arun Yogiraj wa Mysuru alirusha mtandaoni picha ya nyundo ya fedha na patasi ya dhahabu, ndizo alizochongea macho ya mungu Rama akiwa mtoto, sanamu ya inchi 51 ya jiwe jeusi iliyowekwa katika hekalu la Ayodhya tarehe 22 Januari. Karakana nzima walimzungumza kama sisi tunavyomzungumza mchezaji aliyefunga bao la fainali. Mimi najua pale Ayodhya palikuwa na msikiti, ukavunjwa 1992. Wao wamekwishaniona nikisujudu. Kwa muda mfupi hakuna aliyesema kitu. Kisha mzee akauliza, kwa kupitia kijana, kama dhahabu inaweza kweli kukata jiwe. Nikasema mimi naona itapinda. Akasema ndiyo, ile ni ya heshima tu, kazi ilishafanywa na chuma. Tukaendelea na habari za patasi mpaka jioni.

Alhamisi, 15 Februari

Nimepewa kipande cha jiwe na patasi. Kazi: mfereji ulionyooka, urefu wa shibiri.

Pigo la kwanza nililipiga kama fundi wa mti, patasi imelala, nguvu ya bega. Patasi ikaruka, mkono ukaungua mpaka kwenye kiwiko, vijana wakacheka hadi mhunzi akatoka kuangalia. Mti una nyuzi, unaufuata au unaukata. Jiwe hili halina nyuzi, na wala hulikati. Unalisaga. Patasi inasimama karibu wima, pigo ni dogo, la kiganja, na linarudiwa maelfu. Kila pigo hutoa unga na vipande kama mizani ya samaki. Baada ya saa moja na nusu nilikuwa na mfereji wa kidole kimoja, umepinda. Mzee aliupitisha ukucha, akatikisa kichwa ule mtikiso wao ambao huwezi kujua ni ndiyo au la.

Unga huo ni jambo jingine. Umejaa silika, yaani madini yaliyomo ndani ya jiwe, na ukiingia mapafuni hautoki. Patasi hutoa kidogo. Grainda hutoa wingu. Karakana za barabarani nimeona vijana wamefunga leso tu usoni, weupe kama walioangukiwa na ngano, na kila mtu anajua mzee fulani aliyekufa kwa kifua. Kijana hakuilaumu mashine. Mteja wa hoteli anataka Buddha baada ya wiki tatu, na bei ya patasi tupu haimudu. Wanachofanya hapa ni kukubali grainda kwa kukata mabonge, nje, na kuikataza kwa sanamu ya ibada. Tangu 2017 kazi ya mawe ya mji huu inalindwa kisheria kwa jina lake, mtu wa mji mwingine asilitumie. Mzee alisema jina limelindwa, sasa nani atalinda vifua.

Oda zao nyingi za ibada zinakwenda Malaysia, Singapore na kwingine waliko Watamil. Nikauliza habari za Afrika Mashariki. Kijana akasema watu wenu wa huko ni wa Gujarat, hao sanamu zao ni za marumaru nyeupe na huagiza Rajasthan. Kweli, zile nilizoziona kwa mbali Dar, katika mtaa wenye mahekalu, ni nyeupe na zimevishwa nguo. Nikamsimulia hekalu la Swaminarayan la Nairobi, la 1999, ambalo mawe yake yalichongwa huku India, yakavushwa bahari na kupangwa kule. Alilijua.

Jioni tulikwenda ufukweni wote watatu, kwenye hekalu la pwani. Hili si la jabali moja, limejengwa kwa mawe yaliyokatwa, mwanzoni mwa karne ya 8, wakati wa mfalme Rajasimha. Upepo wa chumvi umelila. Nyuso zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika, wengine huwezi kujua walikuwa simba au watu. Wamepanda mivinje upande wa bahari kupunguza upepo, na kurundika mawe kuvunja mawimbi. Kijana alikuwa mdogo tarehe 26 Desemba 2004. Anasema bahari ilirudi nyuma, kukaonekana mawe ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, kisha ikaja. Na baada ya maji kuondoka, mchanga uliohamishwa uliacha wazi sanamu ya simba. Nikamwambia wimbi lile lile lilifika kwetu siku ile ile, na Dar es Salaam watu walikufa.

Hapo ndipo nilipouliza kuhusu macho. Katika karakana niliona sanamu zilizokwisha kabisa, mpaka kucha za miguu, na macho ni matupu.

Mzee alieleza mwenyewe, polepole. Macho huachwa. Mpaka yachongwe, lile ni jiwe, na mimi mwenyewe nimeona vijana wakilikalia na kuweka kikombe begani mwake. Sanamu hupelekwa hekaluni, inalazwa ndani ya maji, kisha ndani ya nafaka. Saa ikifika, mchongaji anafungua macho, nyuma ya pazia. Kitu cha kwanza kuoneshwa mbele yake kiwe chema: kioo, ng'ombe na ndama wake. Baadaye makuhani humwagia maji yaliyosomewa. Na tangu hapo yule aliyeichonga haruhusiwi kuigusa. Chumba cha ndani ni cha makuhani. Akitaka kuiona apange foleni na watu wengine.

Nikamuuliza kama haumii.

"Ukimwoza binti," akasema, "unamfuata chumbani?"

Ijumaa, 16 Februari

Niliamka mapema kuwahi sala ya Ijumaa Chennai. Nilipopita kuaga nikakumbuka agizo, nikamwuliza kijana mahali pa kununua jiwe la kusagia. Akashangaa kwamba nimekaa siku mbili sijaona. Yamerundikwa nyuma ya banda, pale pale niliposali: mabamba yaliyotiwa vidonda kwa patasi ili yashike viungo, na jiwe lake refu la mviringo la kuviringishia. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huanzia hapo. Hawapewi uso wa mtu, wanapewa jiko. Mzee naye alianzia hapo.

Nilichagua dogo kuliko yote. Mzee akakataa hela ya bamba, akakubali ya jiwe la juu, akasema kitu kimoja kizima hakiwezi kuwa zawadi tupu wala biashara tupu. Nikamwachia patasi yangu moja ya duara, ya kuchongea mawaridi, ambayo hutembea nayo begini kila niendapo bila sababu. Kwa jiwe haitafaa kitu. Aliifunga kwenye kitambaa.

Jiwe ndani ya basi lililosimama watu ni mtihani. Sina zaidi.

Mpwa wangu amekaa kitandani. Nilimsimulia paka na panya, akataka mara mbili. Nilimsimulia mawe dume na mawe jike, akauliza kama daktari wake naye anasikiliza ili kujua yeye ni dume. Dada alilipapasa jiwe kwa kiganja, akaviringisha lile la juu mara moja, krrr, akasema la mama lilikuwa hivi hivi. Kisha akauliza kilo ngapi.

Jumatano, 28 Februari, uwanja wa ndege

Kilo 13 na nusu. Tumefungua mabegi matatu sakafuni mbele ya foleni nzima. Dada amevaa makoti mawili. Dawa za mtoto zimehamia mkobani, viatu vyangu vya kazi vimetupwa, na bamba limefungwa kwenye taulo tayari kurudi mizani. Mpwa wangu, aliyekatazwa kunyanyua chochote kwa wiki kadhaa, amechuchumaa pembeni, kafunua pembe ya taulo, anagonga kwa kijiko cha dawa, sikio chini.

"Mjomba," ananiambia, "hili jike."

Yule binti wa mizani anasema tuko sawa, tusogee, kuna watu nyuma.